Nusu ya hela ya kuvunja kamati

Huku Kanda ya Ziwa wengi wetu tumewahi kuuona ugonjwa huu hata kama hatuujui jina lake. Mtoto wa miaka mitano au sita, shavu moja limevimba, meno yanacheza, jicho linaanza kusukumwa nje. Nyumbani wanasema ni jino. Anapelekwa kung'olewa. Jino linatoka, uvimbe unabaki, na wiki inayofuata umekuwa mkubwa kuliko mwanzo. Kwa wengine unaanzia tumboni, wazazi wanadhani ni minyoo au bandama. Ni saratani ya Burkitt. Katika saratani zote zinazompata binadamu, hii ni miongoni mwa zinazokua kwa kasi zaidi: uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Uzuri wake, kama unaweza kuuita uzuri, ni kwamba inasikia dawa haraka vilevile. Mtoto akianzishiwa kemo (dawa za kuua saratani) mapema, shavu linaanza kunywea ndani ya siku chache, mpaka mama wa kitanda cha jirani anakuja kuchungulia kama ni yule yule.

Sasa chukua kasi hiyo uiweke na kasi ya michango yetu. Jumatatu mtu anafungua grupu la WhatsApp. Jumanne watu wanaongezwa, nusu wanajitoa kimya kimya. Jumatano mjomba aliyeko Dar anauliza kama kuna barua ya daktari. Ijumaa barua inapatikana, imepigwa picha gizani, haisomeki. Jumapili inatangazwa kanisani, baada ya tangazo la ndoa na la mnada wa mbuzi. Wiki ya pili hela zinaanza kuingia, elfu mbili, elfu tano, na wapo wanaotuma bila ya kutolea. Safari inafungwa wiki ya tatu. Uvimbe muda wote huo haukuwa kwenye grupu ukisubiri watu wakamilishe ahadi.

Kwa mtoto wa namna hii hela inatakiwa imtangulie hospitali. Ikimfuata nyuma, mara nyingi inamkuta kwenye mazishi, na hapo ndipo utashangaa inavyopatikana upesi.

Nijitambulishe kidogo kwa wageni. Nilifanya kazi ya maabara miaka mingi katika hospitali ya misheni, nikastaafu, sasa nina kibanda cha uwakala wa fedha za simu hapa Buzuruga, karibu na stendi. Pia ni mweka hazina wa kikundi kidogo cha wazazi na manesi wastaafu tunaosaidia watoto wenye saratani wanaokuja Mwanza kutibiwa. Hatuna ofisi. Tuna daftari, akaunti ya benki yenye sahihi tatu, na laini moja ya simu ambayo mume wangu haruhusiwi kuigusa. Kwa hiyo ninaiona hela kwa pande zote mbili: ya kikundi kwenye daftari, na ya mji mzima ikipita dirishani kwangu. Mengi ninayoandika hapa nimeyaona kupitia dirisha hilo.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: kama dawa za saratani kwa watoto zinatolewa bure, mnachangisha za nini? Swali la haki kabisa. Pale Muhimbili, kwa mfano, asasi ya Tumaini la Maisha, iliyoanza 2011 na ambayo jina la Dk. Trish Scanlan kutoka Ireland haliwezi kutenganishwa nayo, imefanya kazi na hospitali kuhakikisha mtoto hageuzwi kwa sababu mzazi hana hela. Vitengo vingine nchini navyo vinahangaika na wafadhili wao kwa namna hiyo hiyo. Lakini kati ya kijiji na dripu kuna mambo ambayo hakuna mfadhili anayependa kuyapigia picha. Nauli ya mama na mtoto. Nauli ya kurudi, kwa sababu kemo haitolewi mara moja. Mtoto anatakiwa aje tena na tena, na ile dawa nyingine inachomwa mgongoni, haiwezi kumaliziwa zahanati. Mlo wa mama aliyekaa wodini mwezi mzima wakati huko nyumbani ameacha wengine wanne. Na kipimo. Kipimo ndicho kinachoniuma zaidi, maana ndiko nilikotoka.

Siku moja alfajiri alikuja baba mmoja wa kisiwani, ameshuka na meli ya Ukerewe, akasimama pembeni mpaka wateja walipopungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu."

"Nimeelekezwa kwako. Nataka kutoa hela, halafu unioneshe basi la kwenda Dar."

Kwenye mkono alikuwa na mfuko, ndani ya mfuko kuna kitenge, ndani ya kitenge kuna kichupa cha plastiki chenye mfuniko mwekundu. Nikamuuliza amebeba nini. "Kinyama cha mtoto," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja kitu cha kawaida. Mahali mtoto alikokatwa kinyama cha uvimbe, vitendanishi vya kupimia vilikuwa vimekwisha, akaambiwa akipeleke mwenyewe. Nikakiinua kwenye mwanga. Mtu wa maabara hawezi kujizuia. Kinyama kinatakiwa kielee kwenye formalini, maji ya dawa ya kukihifadhi kisioze, tena ya kutosha, kama mara kumi ya ujazo wake, dawa ipate kuingia mpaka katikati. Hiki kilikuwa kimejibana chini ya chupa, formalini imekifunika nusu. Juu kimeanza kukauka. Kingesafiri hivyo usiku kucha, na joto la kwenye basi, kingefika kimeoza katikati. Mtaalamu wa patholojia angekikata, akakipaka rangi, akaona uji, akaandika sampuli haifai, irudiwe. Kurudia maana yake ni kumlaza mtoto tena na kumkata tena, wiki nyingine.

Nilimpigia niliyewahi kufanya naye kazi, akaja na pikipiki na formalini, tukabadilisha kichupa pale pale nyuma ya kibanda, watu wa bajaji wakitutolea macho. Kisha tukakituma kwa mtu anayekwenda maabara moja kwa moja, yule baba akarudi kukaa na mwanawe. Gharama yote ya asubuhi ile ilikuwa ndogo kuliko bei ya kreti mbili za soda. Niliiandika kwenye daftari chini ya kichwa cha habari "kipimo", na baadaye mjumbe mmoja wa kikundi akauliza kama hiyo nayo ni kusaidia mtoto.

Ni kusaidia mtoto. Bila kipimo daktari anabaki kukisia, na wapo wanaolazimika kuanza dawa kwa kukisia kwa sababu uvimbe hausubiri. Lakini Burkitt ni aina moja tu ya limfoma, yaani saratani ya tezi; uvimbe wa shingo waweza kuwa limfoma ya aina nyingine, waweza kuwa kifua kikuu cha tezi, na dawa zake hazifanani hata kidogo.

Tukiacha maumivu, tuongee historia, kwa sababu saratani hii ina historia ya hela ambayo ningependa kila mchangiaji aijue.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja tangu ajali ya utotoni, anafanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto mwenye taya zilizovimba pande zote, baadaye akamwona mwingine wa namna hiyo, akashindwa kulala. Mwaka 1958 akaandika makala yake ya kwanza katika jarida la Uingereza la upasuaji. Kisha akafanya jambo ambalo halihitaji mashine yoyote: akachapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wale, akavituma kwenye hospitali za serikali na za misheni barani Afrika akiuliza, je, kwenu mnawaona? Majibu yaliporudi akayachomeka kwenye ramani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari la Ford la mtumba, wakasafiri wiki kama kumi, maili 10,000 hivi, kutoka Uganda, kupitia Tanganyika, mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakibisha hodi hospitali kwa hospitali. Gharama ya safari nzima haikufika pauni 1,000.

Walichokiona ni kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua. Ukipanda milimani unapotea, ukishuka kwenye mabonde na kandokando ya maziwa unarudi. Yaani unafuata nyayo za mbu wa malaria. Hayo ndiyo maarifa ambayo mpaka leo yanaeleza kwa nini sisi wa ziwani tunawaona watoto hawa kuliko watu wa Njombe.

Mwaka huo huo wa 1961, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Mtafiti mmoja wa virusi, Tony Epstein, akausikia, akaamini papo hapo kwamba kuna kirusi ndani ya uvimbe ule. Vinyama vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakuona kitu. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ikampa dola 45,000, akaweza kuwa na wasaidizi, Yvonne Barr na Bert Achong. Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester, na kichupa kilipofika maabara maji yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Kila mtu wa maabara anajua maana yake: bakteria, tupa. Epstein akaweka tone moja chini ya hadubini kabla ya kutupa, akakuta ukungu ule ni seli za uvimbe zilizo hai, zimejitenga zenyewe njiani kwa mtikisiko. Wakazikuza. Mapema 1964 wakakiona kirusi, cha kwanza kabisa kuhusishwa na saratani ya binadamu, na leo kinaitwa Epstein-Barr. Kila nikikumbuka kile kichupa cha mfuniko mwekundu huwa nakumbuka na hiki.

Na tiba? Burkitt hakuwa na mashine ya mionzi Uganda, na kwa kisu pekee watoto walikuwa wanakufa. Akajaribu dawa zilizokuwa ngeni wakati ule, nyingine zikitolewa na makampuni ya Marekani, akaona uvimbe unayeyuka. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, kwa ushirikiano na taasisi ile ile ya Marekani. Ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Majaribio ya kuchanganya dawa yaliyofanywa pale kwa watoto wa Kiafrika yaliwafundisha madaktari wa dunia nzima. Kisha ukaja utawala wa Amin, Wamarekani wakaondoka, na Dk. Charles Olweny, Mganda, akaendelea kukisimamia kituo kwa kidogo alichokuwa nacho.

Kwa hiyo mtu akiniambia utafiti ni anasa ya matajiri, tusaidie kwanza wagonjwa, namjibu kwamba dawa inayoingia kwenye mshipa wa mtoto aliyelala wodini leo ilijulikana kwa sababu mtu alilipia stempu, petroli na chupa za sampuli. Hela yenyewe haikuwa nyingi. Iliwahi tu.

Ugumu wa kuchangisha ni kwamba stempu na petroli hazina sura. Mtoto ana sura. Hili nalo lina historia yake, ya Boston, Marekani. Sidney Farber, mtaalamu wa patholojia ya watoto, mwaka 1948 alitoa taarifa kwamba baadhi ya watoto wake wenye saratani ya damu walipata nafuu ya muda kwa dawa iitwayo aminopterini. Alihitaji hela ya kuendelea. Mei 1948 kipindi cha redio kilichosikika Marekani nzima kikamhoji kijana wa miaka 12 akiwa kitandani, anayetibiwa saratani ya utumbo, wakamwita Jimmy. Wachezaji wa timu yake ya besiboli, Boston Braves, wakaingia chumbani kwake mmoja mmoja huku nchi nzima inasikiliza. Wasikilizaji wakaombwa wachange dola 20,000 ili Jimmy apate televisheni aangalie mechi. Zikaja zaidi ya dola 231,000. Televisheni akapata, na zilizobaki zikaenda kwenye utafiti na matibabu; mfuko huo upo mpaka leo.

Farber alijua watu watatoa kwa ajili ya mtoto, akamtumia mtoto kujenga maabara. Lakini angalia alichokifanya: Jimmy halikuwa jina lake. Jina halisi halikutajwa, sura haikuoneshwa, na kwa miaka hamsini watu walidhani alishafariki. Mwaka 1998 akajitokeza, mtu mzima, dereva wa malori kutoka Maine, Einar Gustafson.

Linganisha na simu zetu. Kila siku napokea picha ya mtoto yuko uchi kitandani, uvimbe umekuzwa makusudi, jina kamili, kijiji, namba ya faili, na maandishi "sambaza usipite kimya". Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya zimo ndani yake. Lakini niache sheria. Mtoto yule akipona, na wengi wa Burkitt wanapona wakiwahi, atakwenda shule, atakuwa binti wa miaka kumi na tano, na picha ile itakuwa bado inazunguka. Sisi kwenye kikundi hatutumi picha ya mgonjwa. Tunatuma picha ya risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Najua inatupunguzia wachangiaji. Wapo walioniambia wazi kwamba bila kuona uvimbe moyo hauguswi, nami nikawajibu kwamba waje wodini wauone wenyewe, na wakija wabebe sabuni.

Kwenye maandiko ya kuomba ufadhili nimejifunza kwa kuchoka. Mfadhili wa nje anataka asasi iliyosajiliwa, hesabu zilizokaguliwa, matokeo yanayopimika, na yote kwa Kiingereza cha mezani. Anataka kununua kitanda chenye kibandiko cha jina lake. Ukiandika "nauli" anarudisha andiko akisema hizo ni gharama za uendeshaji. Watafiti nao wana mlima wao: kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kisha foleni ya ufadhili ambao mara nyingi unatoka nchi moja au mbili. Utafiti wa EMBLEM, uliotafuta visababishi vya Burkitt kwa watoto wa Uganda, Kenya na mikoa yetu ya ziwa kuanzia 2010, ulilipiwa na taasisi ile ile ya Marekani iliyomlipa Epstein. Ule wa AI-REAL, unaojaribu kuitambua limfoma kwa tone la damu badala ya kukata kinyama, umelipiwa na Uingereza, na hospitali za Muhimbili na KCMC ya Moshi zimo. Hebu fikiria hilo la damu likifanikiwa lingemwondolea nini yule baba wa kisiwani. Lakini Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na Mei mwaka huo taasisi zake za afya zikabadilisha utaratibu wa kupitisha hela za utafiti kwa washirika wa nje. Mtu wa kawaida hakuhisi kitu. Wanaofanya kazi kwenye miradi walihisi.

Mimi siwezi kulipia mashine ya kusoma vinasaba. Hata mji mzima wa Mwanza tukichanga, sina hakika. Ila kuna sehemu ya utafiti ambayo ni ya kwetu na haihitaji mzungu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wawe wanapona. Nchi tajiri wanapona zaidi ya asilimia 80, kwenye nchi nyingi maskini hawafiki 30. Ili ujue kama unakaribia lengo ni lazima ujue nani amepona. Na hapo ndipo faili zetu zina matundu. Mtoto amepata dozi mbili, uvimbe umekwisha, mama anaona amepona, nauli hakuna, harudi tena. Kwenye jedwali la mtafiti anaandikwa "amepotea". Hajulikani kama alikufa, kama anacheza mpira Nansio. Ukiwa na watoto wengi wa namna hiyo, hakuna anayeweza kusema dozi ipi inatosha kwa watoto wetu, wenye malaria yetu na lishe yetu. Kwa hiyo nauli ile ile inayomrudisha mtoto kumalizia dawa ndiyo inayolifanya faili lake liwe ushahidi. Sijawahi kufaulu kumweleza hilo mfadhili wa Kiingereza cha mezani. Nimefaulu kuwaeleza kamati za harusi.

Maana Watanzania kuchangia tunajua, asikudanganye mtu. Tazama harusi. Kadi ya mchango inakuja na kiwango kimeshaandikwa. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, vikao kila Jumamosi, ahadi zinasomwa kwa majina, na ukichelewa unapigiwa simu ya upole inayotisha. Mtu mwenye kibanda cha chipsi anatoa laki moja kwa harusi ya mtoto wa jirani, na analipa kwa awamu, kwa wakati. Huyo huyo kwa mtoto mgonjwa anatuma elfu mbili. Si mchoyo. Harusi ina tarehe, ina daftari, ina watu wanaomwona. Ugonjwa unamjia bila kamati.

Bima nayo ilituonesha hilo hilo kwa namna nyingine. Toto Afya Kadi, kadi ya bima ya afya ya mtoto, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, bei ambayo wengi wangeimudu. Sisi tukawa tunaikumbuka mtoto akishaugua. Mfuko unaolipia wagonjwa watupu hauwezi kusimama, na Machi 2023 NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ikasitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, ikataka waje kwa makundi kupitia shule. Walionielewa vibaya walisema naitetea serikali. Natetea hesabu.

Basi nikiwa dirishani nikaona kitu. Wiki moja au mbili baada ya kila harusi, mweka hazina wa kamati anakuja kutoa salio. Nikiuliza, ni ya kuvunja kamati: ukumbi umelipwa, chakula kimelipwa, zimebaki laki tatu, tano, wakati mwingine zaidi, wanakwenda kula nyama choma na kugongesha chupa. Hela hiyo haina mwenyewe. Aliyeitoa ameshaisahau, maharusi hawaijui, haimnyimi mtu chochote. Nikaanza kuwaomba nusu. Wale nyama ya nusu, nusu iende kwenye mfuko wa watoto, nami nawapa risiti na mwisho wa robo mwaka nawatumia karatasi inayosema hela yao ilikwenda wapi: nauli ngapi, vipimo vingapi, bila jina la mtoto.

Mapokezi yamekuwa ya kila aina. Kamati moja ya walimu ilitoa yote, wakasema wamechoka kula. Nyingine, ya wafanyabiashara wenye magari ambayo siyataji, mwenyekiti aliniuliza kama nina kibali cha kuomba. Dada mmoja, katibu wa kamati ya kipaimara, alisema huo ni mkosi, hela ya sherehe haichanganywi na ya ugonjwa, halafu usiku akanitumia elfu arobaini za mfukoni mwake pamoja na ya kutolea. MC mmoja maarufu wa hapa mjini siku hizi analitangaza jambo hili kwenye kikao cha kwanza kabisa cha kamati, kabla hata ya bajeti ya keki, na kamati zake karibu zote zinatoa.

Kwa sasa mfuko unaweza kumpokea mtoto mpya siku hiyo hiyo anayofika: nauli aliyokopa mzazi inarudishwa, kipimo cha kwanza kinalipiwa, mama anapewa ya kula wiki ya kwanza, na nauli ya kurudi dozi inayofuata inawekwa pembeni kabisa kwa namba ya faili lake, haiguswi kwa jambo lingine. Tangu tuanze hilo la mwisho manesi wanasema wanaorudi wameongezeka. Nawaamini manesi, ila nimewaomba waandike, ili mwakani niwe na namba badala ya maneno. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 nalo limetusaidia kwa watoto wa Sengerema na Geita. Wa Ukerewe bado tunategemea meli na hali ya ziwa.

Desemba inakuja na harusi zake. Kamati tatu zimeshaniambia ndiyo, moja inafikiri, na moja imesema nisubiri kwanza wamalize deni la mapambo. Kama uko kwenye kamati yoyote, ya Mwanza au kwingine, liseme kwenye kikao kabla watu hawajaanza kubishania rangi ya vitambaa. Wa Mwanza mnajua kibanda kilipo.